Kabla hujainua bumu: maandalizi ya kurekodi mazungumzo ya filamu

Mazungumzo ya filamu yakisikika kama mtu anaongea ndani ya pipa, wa kwanza kulaumiwa ni maiki. Eti ya bei rahisi, eti haivuti. Mara nyingi maiki haina kosa lolote. Kosa ni zile mita mbili zilizoachwa kati yake na mdomo wa mwigizaji. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya mdomo inayoifikia maiki inashuka kwa desibeli 6 hivi, ilhali kelele ya feni na mwangwi wa kuta hubaki palepale. Ukiisogeza maiki kutoka sentimita 50 hadi mita 2 umepoteza desibeli 12 za maneno, na kelele haikupungua hata kidogo. Ukipandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti kwenye rekoda, ili kufidia, unapandisha vyote viwili. Kwa hiyo maandalizi karibu yote yanahusu kitu kimoja: kuifikisha maiki sentimita 40 hadi 70 kutoka mdomoni kwa bumu, ile fimbo ndefu inayobeba maiki, bila kuonekana kwenye fremu.

Anza na skripti, si duka. Hesabu ni sini ngapi za ndani na ngapi za nje, kwa sababu maiki ya nje na ya ndani si lazima iwe moja. Maiki ndefu, ile ya shotgani, ina bomba lenye matundu ubavuni mbele ya kapsuli, sehemu inayopokea sauti. Sauti ya mbele inapita moja kwa moja; ya pembeni inaingia kwa matundu mbalimbali kwa nyakati zinazopishana, ikifika kwenye kapsuli inajifuta yenyewe. Ujanja huo unafanya kazi kwa sauti nyembamba tu. Mngurumo mzito wa jenereta au lori unapita kama vile bomba halipo, ndiyo maana watu hushangaa wameielekeza maiki kwingine na lori limeingia vilevile. Na shotgani haivuti sauti ya mbali kama lenzi ya kamera inavyovuta picha. Inapunguza ya pembeni, basi.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka. Sebule nyingi za mjini zina vigae sakafuni, kuta za plasta na dari ya chini. Sauti ya mwigizaji inagonga huku na huku, inarudi kwenye bomba kutoka pembeni na kufutwa nusunusu, na kinachobaki ndiyo ile sauti ya kopo. Kwa sini kama hizo chukua maiki fupi isiyo na bomba, ya superkadioidi, yaani inayopokea zaidi sauti ya mbele. Wanaorekodi filamu kubwa wanatumia Sennheiser MKH 50 au kapsuli ya Schoeps MK 41. Zipo za bei ya chini za umbo hilohilo, na ya bei ya chini iliyo karibu huishinda shotgani ya gharama iliyo mbali. Kama una uwezo wa kupata maiki moja tu na sini zako nyingi ni za sebuleni, nunua fupi. Nje utapambana, lakini uhariri wa mwangwi ni mgumu kuliko uhariri wa kelele.

Kwa wanaorekodi pwani, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, kuna jambo la kuuliza kabla ya bei, nalo ni unyevu. Maiki nyingi za kondensa, yaani zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, zikipata unyevu kwenye kapsuli huanza kuchachatika kama mafuta yanayopokea andazi. Zilizoundwa kwa mfumo wa masafa ya redio ndani yake (si maiki zisizo na waya), kama Sennheiser MKH 416 na Rode NTG3, huvumilia zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya 416 kuonekana kila mahali duniani kwenye joto na mvua. Hata hivyo usiitoe maiki kwenye gari lenye kiyoyozi na kuiwasha papo hapo juani. Iache ndani ya boksi lake nusu saa izoee joto la nje, na humo ndani weka vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Umeme ndio unaoharibu asubuhi za watu. MKH 416 haina betri. Inahitaji fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaopita kwenye kebo ya maiki kutoka kwenye rekoda, na tundu dogo la maiki kwenye kamera nyingi za picha halitoi umeme huo. Maiki nyingine, kama Rode NTG2, hukubali betri moja ya AA, ila betri ikichoka sauti inaanza kufifia kabla ya kukatika, na asiyevaa hedifoni hatajua. Fantomu pia inakula betri za rekoda haraka kuliko unavyotarajia. Jaribu nyumbani: washa kila kitu, fantomu ikiwa juu, rekodi mfululizo hadi izime, andika saa. Kisha beba betri za mara mbili ya muda huo.

Kebo ya XLR, ile ya pini tatu inayounganisha maiki na rekoda, ni ya kupimwa kwa masikio. Ichomeke, vaa hedifoni, ishike sentimita chache kutoka kila ncha na uikunjekunje. Ikikwaruza hata mara moja, ifunge fundo uipeleke kwa fundi, usiirudishe begini na nzima. Beba moja ya mita 5, moja ya mita 10, na ya akiba.

Fimbo ya mita 3 inatosha sini nyingi za nyumbani. Ya alumini ni nzito lakini inastahimili. Ya kaboni ni nyepesi, na baada ya teki (mkupuo mmoja wa kurekodi) ya dakika nne mabega yatakwambia tofauti. Usivute vipande vyote hadi mwisho. Acha sentimita kadhaa ndani ya kila kiungo, la sivyo fimbo inapinda na kulia unapoigeuza. Futa mchanga kwenye vifungo, maana punje moja inatosha kutoa mlio wa kusaga. Raba za kibebeo cha maiki hukauka kwa joto na kupasuka, kwa hiyo zivute kwa kidole siku moja kabla. Sehemu inayosahaulika zaidi ni kebo pale inapoacha maiki na kuingia kwenye fimbo. Iache ilegee kwa mkunjo mdogo, kama mkia. Ikikazwa, mtetemo wa mikono unapanda moja kwa moja hadi kwenye maiki, na raba hazina kazi tena.

Mshika bumu avue saa, pete na bangili, na juu ya vigae avae soksi. Mikono ikae juu ya kichwa, viwiko vimenyooka ili uzito ubebwe na mifupa badala ya misuli, mkono wa nyuma ukiongoza fimbo na wa mbele ukiwa egemeo lake. Asome mistari kama waigizaji wanavyoisoma. Katika mazungumzo ya watu wawili, maiki inageuka kabla ya mtu wa pili hajafungua mdomo. Ikigeuka baada yake, silabi ya kwanza imeshapotea, na silabi hiyo ndiyo mara nyingi inayobeba "hu-" au "ha-" ya kukanusha.

Nafasi ya kawaida ni juu na mbele kidogo ya mwigizaji, maiki imeinamia mdomo na kifua. Ili kujua mpaka, mwombe mpiga picha atazame kioo chake, teremsha maiki taratibu hadi aseme imeingia, kisha ipandishe upana wa kiganja. Fanya hivyo kwa kila lenzi, kwa maana akibadilisha lenzi mpaka umehama. Uliza taa kuu iko upande gani na usimame upande wa pili, ama kivuli cha fimbo kitapita ukutani. Kupitisha maiki chini ni suluhisho la mwisho, pale dari inapoonekana: sauti inakuwa nzito ya kifua, na sahani za mezani zinasikika kuliko maneno.

Sponji linalovikwa maiki ni la ndani. Nje, hasa ufukweni, linahitajika kasha la kuzuia upepo lililovikwa kava la manyoya, na manyoya yachanwe, kwani yakishikamana hayakati upepo. Kulifunika sponji kwa kitenge au soksi ni ushauri wa mtaani unaoua herufi s na sh. Pwani, kaskazi na kusi havikwepeki, ila asubuhi huwa na utulivu kuliko alasiri, basi sini za ufukweni zipangwe mapema.

Kakague mahali saa ileile mtakayorekodi. Nyumba iliyotulia Jumapili alfajiri inaweza kuwa na fundi wa kuchomelea mageti nyuma ya ukuta Jumanne saa nne. Keti dakika 5 umefumba macho na uandike unachosikia: adhana, mapumziko ya shule, kijiwe cha bodaboda, kunguru. Vingi havizimiki, lakini vina ratiba, na mnaweza kupanga kazi kuikwepa ratiba hiyo. Paa la bati msimu wa masika ni kucheza bahati nasibu. Jenereta ikae nyuma ya jengo jingine, kebo ya mita 50 ikibidi. Friji huzimwa, na aliyeizima aweke funguo za gari ndani yake. Hakuna atakayeondoka akiiacha nyama ya wenye nyumba ikiyeyuka. Kupunguza mwangwi, tandika mikeka na mazulia chini ya fremu, na magodoro yasimame kwenye kuta zisizoonekana. Zungumza pia na wa mavazi: kitenge kipya chenye dawa yake kinachakacha kila mwigizaji anapovuka mguu, hivyo kifuliwe kwanza.

Kwenye rekoda weka kilohezi 48 na biti 24, na ufomati kadi humohumo. Kwenye mita ya rekoda mazungumzo yakae karibu na desibeli -20, vilele visipite -10. Pima kwa mstari wa kelele kubwa kuliko yote, na mwigizaji aupige kweli, kwa sababu kwenye mazoezi wengi hunong'ona halafu kwenye teki hufoka. Kichujio cha hezi 80, kinachokata sauti nzito za chini ya hapo, kinaondoa mtetemo bila kugusa maneno. Rekoda za biti 32 za aina ya "float" zinasamehe kosa la geini. Kosa la kusimama mbali hazilisamehi.

Mwishoni mwa kila mahali pa kurekodia, kabla mtu hajagusa taa, wote wabaki kimya sekunde 60 na maiki irekodi chumba kilivyo, feni ikiwa katika hali ileile ya sini. Na teki iliyoharibiwa na pikipiki, picha ikiwa nzuri, usiisubirishe hadi studio. Mwigizaji arudie mistari ile palepale, kamera imezimwa, maiki umbali uleule, pumzi yake ikiwa bado ni ya sini ile.