SOMO: Kuweka alama na maelezo yako kwenye PDF bila kuyapoteza

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wote wanaosoma nyaraka ndefu kwenye simu au kompyuta: mwanachuo, karani, mjumbe wa kamati ya shule, na yeyote aliyerushiwa PDF ya kurasa mia na kuambiwa aisome kabla ya kikao. Kusoma wengi tunasoma. Kazi inakuja siku ya pili yake, mtu anapouliza "hiyo umeiona wapi?" nawe unabaki kusugua kioo kwa dole gumba, juu chini, juu chini.

Mfano wetu utakuwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Wengi mnayo kwenye simu, ipo kwa Kiswahili, na ibara zake zina namba. Kama unasoma sheria nyingine, ripoti au kitabu cha kiada, utaratibu haubadiliki.

Kwanza: ujue alama yako inakaa wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezea kazi yao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukifungua PDF, pembeni unaweza kukuta orodha ya sura inayokurusha moja kwa moja kwenye ukurasa. Hiyo ni ya aliyetengeneza faili. Programu nyingi za bure zitakuruhusu kuitumia tu, hazikuruhusu kuiongezea kitu.

Alamisho unaloweka wewe, kile kiutepe cha "nimeishia hapa", mara nyingi haliandikwi kwenye faili. Linaandikwa kwenye kumbukumbu za programu uliyotumia. Kwa mfano SumatraPDF, programu ndogo ya bure ya Windows, ukibonyeza Ctrl+B inauweka ukurasa kwenye orodha yako ya vipendwa, na orodha hiyo inakaa kwenye faili la mipangilio la Sumatra yenyewe. Ukimtumia mwenzako ile PDF, haoni alamisho hata moja. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, nawe huoni.

Rangi unayopaka juu ya maneno na vikaratasi vya maoni ni habari nyingine. PDF ina nafasi maalumu ya vitu hivyo ndani yake, na programu ikivihifadhi huko vinasafiri na faili popote liendapo. Adobe Acrobat Reader ya bure inafanya hivyo. Sumatra mpya nayo inafanya: chagua maneno, bonyeza herufi A yapate rangi, kisha Ctrl+Shift+S ili yaingie kwenye faili. Ukisahau hiyo ya mwisho, umepaka hewani. Firefox pia inakuruhusu kupaka rangi na kuandika juu ya PDF, lakini usipoipakua upya kabla ya kufunga dirisha, kazi yote imekwenda.

Kwa ufupi: alamisho ni la leo na kesho. Unachotaka ukikute mwakani kiandike ndani ya faili, au nje kabisa kwenye faili lako la maelezo. Mimi nashauri vyote viwili, na hatua zinazofuata zimepangwa hivyo.

Hatua ya 1: Litoe faili WhatsApp

Wengi tunapata nyaraka kwenye makundi. Faili linaingia na jina kama DOC-20240312-WA0007.pdf, unaligusa, unaanza kusoma hapohapo. Usianze kuweka alama hapo. Kwenye Android, programu ya kusomea iliyofunguliwa kupitia WhatsApp kwa kawaida inapewa ruhusa ya kusoma tu, hivyo ukipaka rangi itakuomba uhifadhi nakala nyingine, au haitahifadhi kabisa. Matokeo yake unakuwa na nakala tatu, na hujui iliyopakwa ni ipi.

Fungua programu ya mafaili, litafute kwenye folda ya nyaraka za WhatsApp, linakili kwenye folda yako mwenyewe. Kisha libadilishe jina liwe la kusomeka: katiba-jmt-1977.pdf. Weka nakala mbili. Moja iongezee neno SAFI, hiyo huigusi. Nyingine iongezee KAZI, hiyo ndiyo utakayochorachora. Nyaraka yenye saini ya kidijitali usiichore hata kidogo, kwani kikaratasi kimoja tu kinatosha kufanya programu imwambie msomaji kwamba faili limebadilishwa baada ya kusainiwa.

Hatua ya 2: Pita mara moja bila kalamu

Dakika kumi zinatosha. Angalia yaliyomo, ona sehemu zilivyogawanywa. Kwenye Katiba utaona haki na wajibu vimewekwa pamoja, kuanzia ibara ya 12. Anayepaka rangi tangu mstari wa kwanza anapaka kila kitu, kwa sababu kila kitu ni kipya kwake.

Hatua ya 3: Rangi zisizidi tatu, na kila moja iwe na kazi yake

Zangu: njano ni kanuni yenyewe, kijani ni kitu nitakachokinukuu, pinki ni swali. Chagua zako, ila usizibadilishe kutoka nyaraka moja hadi nyingine. Na usipake aya nzima. Paka maneno manne au matano yanayobeba uzito. Ukurasa uliojaa njano hauna tofauti na ukurasa mtupu.

Hatua ya 4: Kila rangi iwe na neno

Hii ndiyo roho ya somo. Rangi peke yake inakwambia "hapa palikuwa muhimu". Miezi sita baadaye hujui palikuwa muhimu kwa nini. Shikilia kidole kwenye yale maneno uliyopaka, chagua kuandika maoni, andika sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe.

Tuchukue ibara ya 18, ya uhuru wa maoni. Ukiisoma peke yake unaweza kudhani umemaliza. Lakini ibara ya 30 inaweka mipaka ya haki zote hizo, kwamba zisitumike kwa namna inayoingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Na hiyohiyo, kwenye ibara ndogo ya 3, inasema mtu anayedai haki yake imevunjwa anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu. Kwa hiyo kikaratasi changu kwenye 18 kinasomeka hivi:

"Haki ya maoni na habari. ISOMWE NA 30(1) mipaka, 30(3) pa kushtakia. ##"

Kisha naenda ibara ya 30 na kuandika upande wa pili: "inagusa 18, na nyingine zote za juu". Sasa ukiingilia mlango wowote unafika mwingine. Orodha ya yaliyomo haiwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu mtengenezaji wa faili hajui wewe unatafuta nini.

Zile alama mbili za ## si pambo. Programu nyingi zina orodha ya maoni yote, na penye ## unajua ni jambo la kurudia. Chagua alama ambayo haiwezi kutokea kwenye maandishi ya kawaida.

Hatua ya 5: Faili la maelezo nje ya PDF

Fungua faili la maandishi matupu, au noti kwenye simu, lipe jina lilelile: katiba-jmt-1977-maelezo. Kila ukimaliza kusoma, hamishia yale mazito tu:

13(6)(a) – kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ya kutumia kwenye rufaa ya nidhamu.
18 – maoni. Tazama 30.
107A(2)(e) – mahakama isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. SWALI: kupita kiasi ni wapi?

Umeona sijaandika namba ya ukurasa. Ukurasa unadanganya. Kihesabio cha programu kinaanza kuhesabu kwenye jalada, namba iliyochapwa inaanza baadaye, na toleo jingine la PDF hiyohiyo lina mpangilio wake. Ibara na kifungu ni vilevile kwenye karatasi, simu na kompyuta. Kama unasoma kitabu kisicho na vifungu, andika sura pamoja na maneno matatu ya mwanzo wa aya, uyatafute kwa kisanduku cha kutafutia.

Hatua ya 6: Nakala ya akiba

Faili la KAZI na faili la maelezo, tuma Google Drive au jitumie barua pepe. Maelezo ni maandishi tu, hayali bando.

Hayo ndiyo yote. Maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Dogo wa Hosteli: Mkuu shukrani. Mimi nina mitihani ya miaka ya nyuma ya PDF, nikijaribu kupaka rangi inachora kiboksi tu, haishiki maneno. Simu mbovu au?

Jibu: Simu nzima, mdogo wangu. Hiyo PDF ni picha. Mtu ameskani karatasi, kwa hiyo ndani hakuna herufi. Jaribu kutafuta neno unaloliona kwa macho. Likikosekana, jua ni picha. Una njia mbili. Ya haraka ni kutumia kalamu ya kuchora kwa mkono na vikaratasi, vyote vinakubali juu ya picha. Ya pili ni kuipandisha Google Drive, halafu uifungue kwa Google Docs kwenye kompyuta. Itajaribu kuzigeuza picha kuwa maandishi. Majedwali na hesabu zitavurugika, na ukurasa wenye safu mbili unaweza kuchanganya mistari, kwa hiyo itumie kutafutia tu. Kunukuu, rudi kwenye picha.

Mama Latifa: Kaka, simu yangu iliingia maji, nimenunua nyingine. Mafaili nilikuwa nayo kwenye memori kadi nikayapata, lakini alama zote hakuna. Nilikuwa na kazi ya miezi.

Jibu: Pole sana dada. Kwanza weka programu ileile uliyokuwa ukitumia, uingie kwa akaunti ileile kama ulikuwa nayo. Baadhi zinahifadhi alama kwenye akaunti. Pili, fungua hayo mafaili kwa programu nyingine, kwa mfano Acrobat, uangalie orodha ya maoni. Kuna programu zinazoficha maoni kwa mpangilio tu, ndani yamo. Vyote viwili vikikataa, zilikuwa kwenye kumbukumbu za simu ya zamani. Hapo lililobaki ni fundi, kama simu yenyewe bado inawaka.

Msomaji wa Tanga: Mbona mnajitesa? Daftari la kaunta na kalamu ya bluu yanatosha. Halihitaji chaji.

Jibu: Sina ubishi, mzee wangu. Daftari ni faili la maelezo la hatua ya 5 lililoandikwa kwa mkono. Ila juu ya kila ukurasa wa daftari andika jina kamili la faili, na uweke ibara, si ukurasa. Unachokosa ni kutafuta tu. Acha kurasa mbili za mwisho ziwe faharasa yako: "rufaa – uk. 4, 11". Hizo ni kurasa za daftari lako, hazidanganyi.

Afisa Mtarajiwa: Mkuu, bosi alinipa rasimu ya mkataba niipitie, nikaandika maoni yangu humo, mengine ya utani. Sasa anataka nimrudishie faili. Nikiifuta rangi inatosha?

Jibu: Usimrudishie hilo. Ndiyo maana ya nakala SAFI. Kama hukuiweka, nenda kwenye barua pepe au ujumbe alioutuma, upakue upya faili asilia. Kufuta kimoja kimoja kuna hatari ya kusahau kikaratasi ukurasa wa arobaini. Na usidhani kuichapa upya kuwa PDF kunasafisha, rangi zinaweza kuchapwa pamoja na maandishi. Utani peleka kwenye faili la maelezo.

Binti Kitabu: Mimi nasoma vitabu vya EPUB na kwenye Kindle. Huko hakuna kurasa kabisa, nikikuza maandishi kila kitu kinahama.

Jibu: Kweli, EPUB inamwagika kulingana na ukubwa wa kioo na herufi. Tumia sura na maneno ya mwanzo wa aya kama nilivyosema. Kwenye kifaa cha Kindle una bahati: ukikiunganisha na kompyuta kwa waya, ndani ya folda ya documents kuna faili linaitwa My Clippings.txt. Kila ulichopaka na kuandika kimo humo kama maandishi matupu. Linakili mara kwa mara. Angalizo: ukifuta alama kwenye kitabu, maandishi yake ya zamani yanabaki kwenye hilo faili, kwa hiyo utakuta marudio. Kwenye kompyuta, Calibre inasoma EPUB na kukuwekea alama pia.

Kundi la Discussion: Tuko watu wanne na PDF moja. Tukizungushiana, wa mwisho anafuta ya wa kwanza.

Jibu: Msizungushe PDF. Kila mtu na nakala yake ya KAZI, kinachozunguka ni faili la maelezo, na kila mstari uanze na herufi za jina la aliyeandika. Gaweni kwa ibara: wewe 12 hadi 17, mwenzako 18 hadi 24, na kuendelea. Ibara ya 30 someni wote.

Wakili Mchanga: Vipi sheria ikifanyiwa marekebisho na toleo jipya likatoka? Alama mia mbili nazihamishaje?

Jibu: Huzihamishi zote, mkuu. Toleo la zamani libaki na alama zake, liongezee mwaka kwenye jina, maana shauri lililoanza chini ya sheria ya zamani linaweza kukurudisha huko. Kisha fungua faili la maelezo pembeni ya toleo jipya, upite mstari kwa mstari. Angalia kwanza namba: kifungu kinaweza kuwa kimesogea au kimefutwa. Maneno yakiwa yaleyale, andika namba mpya pembeni ya ile ya zamani. Yakiwa yamebadilika, weka pinki kwenye toleo jipya na uandike kilichobadilika. Mistari ambayo huikumbuki hata uliiandika kwa kazi gani, iache ilipo.