Kupima soko la simu limeshikwa na wachache kiasi gani

Pakua takwimu za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Chukua idadi ya laini za kila kampuni, gawanya kwa jumla, zidisha kwa 100. Kila asilimia izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha zote. Hiyo ndiyo fahirisi ya Herfindahl-Hirschman; kampuni moja ikishika soko zima inafika 10,000.

Mfano wa kubuni: kampuni nne zenye asilimia 35, 30, 25 na 10 zinatoa 1,225 + 900 + 625 + 100 = 2,850. Miongozo ya Marekani ya 2023 kuhusu kuungana kwa kampuni inahesabu zaidi ya 1,800 kuwa soko la wachache. Zile mbili ndogo zikiungana, ongeza 2 × 25 × 10, yaani 500.

Ukipata 0.285 hujakosea, umetumia desimali tu (0.35 badala ya 35). Kosa kubwa liko kwingine: laini si mtu. Dereva wa bodaboda pale Majengo, Dodoma, anaweza kuwa na laini mbili, moja ya bando, nyingine ya kupokelea pesa. Rudia hesabu kwa mapato au dakika za maongezi, ukizipata.

Halafu, soko lipi? Kijiji cha wilayani Chemba chenye mnara wa kampuni moja kina 10,000 yake, hata kama taifa zima linasoma 2,850.