Kupima mvua na nyufa kijijini, hatua kwa hatua

Mtu wa Ahero, karibu na Kisumu, Kenya, anaweza kuanika nguo juani asubuhi, na jioni akawa amebeba watoto mgongoni ndani ya maji. Mvua ilinyesha juu huko Nandi. Mto Nyando ukaishusha hadi uwanda wa Kano. Siku moja nilitandaza barazani ramani ya rangi inayoonyesha maeneo ya hatari, mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, nyumba yangu iko wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, nikifundisha kijiji kujihadhari na mafuriko na maporomoko ya ardhi, naanza hivi.

1. Tembea na wazee. Wakuonyeshe maji yalifika wapi kila mwaka wanaoukumbuka. Piga mstari wa rangi ukutani, andika mwaka. Mtoto akisimama kando ya mstari unaomfika kidevuni, ameelewa.

2. Tengeneza kipimamvua. Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 isiyo na mikunjo, ikate pale mabega yanapoishia, kisha kipande cha juu kipachike ndani mdomo ukitazama chini. Tia kokoto, mimina maji yazifunike: hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia hapo. Iweke mahali wazi, mbali na miti na paa, uisome kila siku saa tatu asubuhi, kisha urudishe maji kwenye sifuri.

Hapa usiharakishe. Ukiwaambia watu "milimita 50", hawajasikia kitu. Paa la mita 6 kwa 5 hupokea lita 30 kwa kila milimita moja. Milimita 50 ni lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita 20, juu ya nyumba moja tu. Waonyeshe mlima wa mitungi hiyo, uwaache wahesabu wenyewe. Nimeona baraza zima likinyamaza hapo.

Jumlisha siku tatu mfululizo, maana mvua ya leo peke yake haisemi yote. Udongo ulioshiba hauna pa kuweka tone jingine. Maji husukuma chembe zake zikaachana, na kilima kinazidi uzito huku kikilegea.

3. Chunga mteremko. Khuvasali, Kakamega, watu walifukiwa na maporomoko ya udongo Agosti 2007. Ukiona ufa, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, upime kati yake kila asubuhi. Ukipanuka, hameni siku hiyo hiyo. Angalieni pia mlango unaoanza kukwama, mti ulioinama, chemchemi mpya. Na mto ukipungua ghafla mvua ikiendelea, msishangilie: umeziba huko juu. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kabla ya kupasuka usiku.

4. Kubalianeni. Pamoja na afisa wa hali ya hewa wa kaunti, chagueni kiwango cha mvua cha kuondoka. Wa juu ampigie wa chini simu. Mtandao ukikatika, kengele ya shule. Kisha itembeeni njia ya kukimbilia, usiku, nyanya mzee kuliko wote akiwa mbele. Dakika atakazotumia yeye ndizo mtakazozipangia.