Jinsi ya kuingia kwenye mfuko wa uwekezaji unaoendeshwa na wanafunzi

Kabla hujajaza fomu, hakikisha unajua unaomba nini. Vyuo vingi vina vitu viwili vyenye majina yanayokaribiana. Kuna klabu ya uwekezaji, ambayo mtu yeyote hujiunga nayo mwanzoni mwa muhula na ambayo wanachama wake hununua hisa kwa fedha za kuigiza. Halafu kuna mfuko wenyewe, ambako wanafunzi wanasimamia fedha halisi: sehemu ya akiba ya chuo, au fedha za wafadhili. Nchini Marekani, shirika la umeme la Tennessee Valley Authority lilianza mwaka 1998 kuwakabidhi wanafunzi wa vyuo kadhaa sehemu ya fedha zake wazisimamie. Mfuko wa aina hii huwa na mhadhiri mlezi, sera ya uwekezaji iliyoandikwa, na nafasi chache. Klabu si ya kudharauliwa: mara nyingi mfuko huchukua watu kutoka humo, kwa hiyo anza kuhudhuria vikao vyake muhula mmoja kabla ya kuomba.

Omba kuisoma sera ya uwekezaji mapema. Ndani yake tafuta aina ya hisa zinazoruhusiwa, fahirisi ya soko (kipimo cha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja) ambayo mfuko unajipima nayo, ukomo wa fedha zinazoweza kuwekwa kwenye kampuni moja (5% ya mfuko ni ukomo wa kawaida), na nani mwenye kauli ya mwisho, wanafunzi kwa kura au mlezi. Waombaji wasioisoma huja na kampuni ndogo mno, au na pendekezo la kuuza hisa za kukopa, yaani kubashiri kuwa bei itashuka, wakati sera imekataza. Uchambuzi unaweza kuwa mzuri kabisa na bado ukatupwa.

Angalia pia mwaka wako wa masomo. Mchambuzi, yaani mwanafunzi anayechunguza hisa kwa niaba ya mfuko, huchukua karibu muhula mzima kabla hajawa na faida kwa mfuko, ndiyo maana wa mwaka wa kwanza na wa pili hupendelewa. Na kama mfuko unahesabiwa kuwa somo, huenda ukatakiwa uwe umefaulu uhasibu wa awali na misingi ya fedha. Wasifu uwe ukurasa mmoja, basi.

Kinachoamua hasa ni pendekezo la hisa, yaani andiko la kuushawishi mfuko kununua hisa za kampuni fulani, kwa kawaida kurasa moja au mbili.

Chagua kampuni ambayo unaweza kueleza kwa sentensi mbili inavyopata fedha. Epuka kampuni maarufu mno, kwa sababu wachambuzi wengi wameshaichimba na ni vigumu kuona wasichokiona. Kwa mara ya kwanza epuka pia benki na bima: kwa benki, deni ni kama malighafi, kwa hiyo hesabu za kawaida za mtiririko wa fedha hazina maana. Soma ripoti za mwaka za miaka mitatu au zaidi, na anzia kwenye maelezo ya hesabu yaliyo nyuma, usianzie barua ya mwenyekiti. Madeni yanayokaribia kuiva na kesi zilizoko mahakamani hujificha huko.

Kisha andika hoja yako kwa muundo huu: soko linaamini hiki, mimi naamini kile, na tofauti hiyo itaonekana ndani ya miezi 12 kwa sababu ya tukio fulani. Ukishindwa kujaza sehemu ya kwanza, bado huna hoja. "Kampuni nzuri, uongozi mzuri, faida inakua" ni sifa ambazo tayari zimo kwenye bei.

Kwenye kukadiria thamani ndiko wengi huanguka. Tuseme kampuni inazalisha fedha huru (taslimu inayobaki baada ya gharama na uwekezaji wake) 100 kwa mwaka, na kiwango cha punguzo, yaani faida ya mwaka ambayo mwekezaji anaidai, ni 10%. Ukidhani itakua kwa 3% milele, thamani yake ni fedha za mwaka ujao gawanya kwa kiwango cha punguzo ukitoa ukuaji: 103 gawanya kwa 0.07, yaani takriban 1,471. Ukidhani 5%, inakuwa 105 gawanya kwa 0.05, sawa na 2,100. Badiliko la asilimia mbili tu limeongeza thamani kwa zaidi ya 40%. Wasaili wanajua hili, na watakuuliza ulikotoa kiwango hicho cha ukuaji. Kisizidi kasi ya ukuaji wa uchumi wenyewe, maana kampuni inayouzidi uchumi milele mwishowe itaumeza. Weka jedwali dogo linaloonyesha thamani kwa viwango tofauti, na malizia na aya moja ya nini kikitokea utakubali kuwa ulikosea. Aya hiyo ndiyo waombaji wengi huiruka.

Kwenye usaili, jua bei ya hisa yako ya siku hiyo, maana ile uliyoandika wiki tatu zilizopita imeshapitwa. Swali moja linajirudia kila mahali: uchakavu (gharama ya kuchakaa kwa mali kama mitambo) ukiongezeka kwa 10, nini kinatokea kwenye taarifa tatu za fedha, yaani ya faida, ya mtiririko wa fedha, na mizania? Kwa kodi ya 30%, kodi inapungua kwa 3, hivyo faida halisi inashuka kwa 7. Kwenye mtiririko wa fedha unarudisha ile 10 kwa sababu haikulipwa taslimu, hivyo fedha zinapanda kwa 3. Kwenye mizania, inayoonyesha mali na madeni, mali za kudumu zimeshuka 10, taslimu imepanda 3, na mtaji wa wenye hisa umeshuka 7. Pande mbili zinalingana. Fanya zoezi hili kwa sauti hadi lisikutoe jasho. Usipojua jibu, sema hujui kisha eleza utaanzia wapi kulitafuta. Anayebuni takwimu kwenye usaili atabuni kwenye kikao cha kura pia.

Uliza nawe: hisa zipi mchambuzi wake amehitimu na hazina mtu? Karibu kila mfuko unazo. Kununua huleta msisimko, lakini kuuza hakuna anayejitolea, hivyo hisa za wahitimu hubaki kama yatima. Ukijitolea kuifuatilia mojawapo na kusema kama iuzwe au ibaki, una kazi ya maana tangu mwezi wa kwanza, huku wenzako wapya wakiandika kumbukumbu za vikao. Uliza pia kanuni za hisa zako binafsi: kununua kwa fedha zako kampuni ambayo mfuko uko mbioni kuinunua kunaweza kukufukuzisha.

Ukikataliwa, omba maelezo, kisha subiri kampuni yako itoe matokeo yanayofuata. Rudi nayo ileile, ukionyesha ulipopatia na ulipokosea.