Mlima Bierstadt kutoka Guanella Pass: panga safari kwa saa ya radi

Kwa Waafrika Mashariki wengi wanaoishi Denver na Aurora, jimboni Colorado, mlima wa kwanza wa futi 14,000 huwa Bierstadt, na sababu inaeleweka. Barabara ya lami kutoka mji wa Georgetown inakupandisha hadi Guanella Pass, pito la mlimani lililo mita 3,557 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ni kilomita kama 11 tu kwenda na kurudi. Kilele kiko mita 4,287. Ukitaka kulinganisha na nyumbani, kituo cha Horombo kule Kilimanjaro kiko mita 3,720, na mpandaji hukifikia kwa miguu siku ya pili. Hapa unashuka garini karibu na kimo hicho baada ya saa moja na nusu ya kuendesha. Urahisi huo ndio unaowaponza watu: mwili haujazoea hewa nyepesi, na tangu hatua ya kwanza hakuna mti.

Hilo la mti lisichukuliwe kirahisi. Katika eneo hili la Colorado miti hukoma kwenye mita 3,500 hivi, kwa hiyo njia karibu yote iko wazi. Radi ikikukuta katikati huna msitu wa kukimbilia. Kimbilio la kweli ni gari, nalo liko kilomita kadhaa nyuma yako.

Radi za Julai na Agosti zina ratiba yake. Unyevu huingia kutoka kusini, upande wa Mexico. Jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa hupanda, mawingu huanza kuvimba kuanzia saa 4 au saa 5 asubuhi, na ikifika saa 7 mchana ngurumo zinaweza kuwa juu ya kichwa chako. Kwa hiyo panga safari kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Saa 6 mchana uwe umefika garini. Saa 3 na nusu asubuhi ni saa ya kugeuka popote ulipo, hata kama kilele unakiona. Mtu wa kawaida hupanda kwa saa 3 hadi 4 na kushuka kwa saa 2 hadi 2 na nusu. Hesabu hiyo inakutaka uanze kutembea saa 11 alfajiri, kwa taa ya kichwani, ufike juu kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Kutoka Denver ondoka saa 9 usiku. Wikendi maegesho nayo hujaa mapema.

Kwenye kundi la WhatsApp andika saa zote mbili: "saa 9 usiku, yaani 3:00 AM". Vijana waliokulia Marekani husoma saa 9 kama 9:00, na utabiri wa hewa nao umeandikwa kwa saa za huku.

Utabiri wa Denver usiutegemee. Ingia weather.gov, tovuti ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, utafute Georgetown, kisha ubonyeze kwenye ramani pale kilele kilipo. Soma kimo kilichoandikwa kwa ajili ya sehemu uliyobonyeza. Kikiwa chini sana ya mita 4,000, umebonyeza bondeni, sogeza. Halafu fungua grafu ya saa kwa saa na uangalie mambo matatu: ngurumo zinaanza saa ngapi, upepo wa ghafla una kasi gani, na joto la alfajiri. Ngurumo zikitajwa kabla ya saa 5 asubuhi, ahirisha. Upepo ukizidi kilomita 60 kwa saa, kusimama kwenye mawe ya kileleni ni shida. Angalia tena usiku kabla ya kulala, maana utabiri wa siku tatu nyuma umeshabadilika.

Joto hupungua nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000. Denver ikiwa na nyuzi 18 usiku, kileleni alfajiri tarajia kama nyuzi 1, na upepo wa kilomita 50 kwa saa unaufanya mwili uhisi kama -7. Acha jinzi na fulana za pamba. Zikilowa hazikauki, na zinakunyonya joto. Beba sweta la sufu au la nailoni, koti la mvua lisilopitisha upepo, glavu, kofia, maji lita 3, na chakula kinacholika kwa mkono mmoja: tende, korosho, chapati iliyokunjwa. Mafuta ya jua ni ya kila mtu. Ngozi nyeusi nayo huungua kwenye kimo hicho, na macho yanahitaji miwani.

Kosa moja la njia hii halionekani mpaka uambiwe. Unapanda kuelekea mashariki, na dhoruba nyingi hutoka magharibi, yaani mgongoni kwako. Geuka kila dakika 15. Wingu dogo jeupe lililotandaa si neno. Linaloanza kukua kwenda juu kama koliflawa, chini likiwa bapa na la kijivu, ndilo la kuogopa, hata ikiwa bado ni saa 3. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa 3, upate kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, tayari uko ndani ya uwezo wa radi: shuka. Dalili ya mwisho ni nywele kusimama au mawe na fimbo kutoa mvumo kama wa nyuki. Nywele zilizosukwa au kufungwa kilemba huenda zisioneshe kitu, kwa hiyo sikiliza. Shukeni mkiwa mmeachana mita 15 au zaidi, mkiepuka ukingo na jiwe lililosimama peke yake.

Mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Houston alale Denver usiku mbili, na ikiwezekana mmoja Georgetown. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, msimpandishe zaidi. Dawa ya maumivu inaficha tu dalili. Akiyumba kama mlevi au akihema hata akiwa amekaa, ashushwe papo hapo, na 911 ipigwe pale mtandao unapopatikana. Mwenye selimundu asipande bila daktari wake kuruhusu. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu (AS), ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa, bandama yake inaweza kukosa damu kwenye kimo hiki. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto maana yake ni kushuka na kwenda hospitali, siku hiyohiyo.

Akiba ya maji, walau nusu lita, itunze kwa ajili ya kurudi. Mwanzoni njia hushuka hadi kijito kilicho kwenye vichaka vya mierebi, kwa hiyo mwishoni, miguu ikiwa imechoka na mawingu yakijikusanya, kuna mita kama 60 za kupanda tena kabla ya kuligusa gari.