SOMO: Mtama hupenda kodoni za C na G, muhogo za A na T. Jinsi ya kupima na kutafuta sababu

Kodoni ni herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja ya protini. Asidi amino ya leusini ina kodoni sita, na ribosomu (mashine ya seli inayounda protini) ikikuta CTC au TTA, protini inayotoka ni ileile. Kodoni hizi ni visawe. Ila mimea haitumii visawe vyake kwa usawa: jeni nyingi za mtama zimejaa C na G kwenye herufi ya tatu ya kodoni, wakati za muhogo huegemea A na T. Kuupima upendeleo huo ni kazi ya mchana mmoja. Kujua kinachousababisha ndiyo shughuli, na wengi huteleza hapo: wakiona upendeleo tu, wanatangaza uteuzi asilia. Ondoa kwanza mchango wa herufi za jenomu yenyewe. Kitakachobaki ndicho cha kujadili.

Unahitaji kompyuta ya kawaida yenye Linux, programu za seqkit (kuchuja mifuatano) na CodonW (kuhesabu kodoni), Biopython kidogo, na R ya kuchorea grafu.

Hatua ya 1: Faili sahihi

Chukua CDS (sehemu ya jeni inayotafsiriwa kuwa protini), si jeni nzima wala cDNA (nakala ya RNA nzima). cDNA ina vipande vya pembeni visivyotafsiriwa, hivyo kusoma herufi tatutatu kunaharibika tangu mwanzo. Phytozome, hifadhi ya mtandaoni ya jenomu za mimea, ina faili linaloishia na cds_primaryTranscriptOnly.fa.gz, chukua hilo kwa mtama (Sorghum bicolor) na kwa muhogo (Manihot esculenta). Ukichukua lenye transkripti (matoleo ya RNA ya jeni) zote, jeni yenye transkripti 7 utaihesabu mara 7.

Hatua ya 2: Kusafisha

Bakiza mfuatano unaoanza na ATG, unaoishia TAA, TAG au TGA, unaogawanyika kwa 3, usio na kodoni ya kusimama katikati wala herufi N, na wenye herufi 300 au zaidi. Urefu unachujwa hivi:

seqkit seq -m 300 mtama.fa > mtama300.fa

Masharti mengine yaandikie skripti fupi ya Biopython. Haizidi mistari 15, na faili litakalotoka liite mtama_safi.fa. Kwa nini 300? Jeni fupi inaweza kuwa na sisteini mbili tu. Zikitokea zote TGC, hesabu itasoma upendeleo kamili, kumbe ni bahati nasibu. Ondoa pia jeni za transposoni (vipande vya DNA vinavyohamahama) zilizopenya kwenye orodha, hasa kwa mtama: zina historia yake na zitakuchafulia wastani.

Hatua ya 3: RSCU

codonw mtama_safi.fa -all_indices -rscu -nomenu

RSCU ni idadi ya kodoni uliyoikuta, ukiigawanya kwa idadi ambayo ungeikuta kama visawe vyote vingetumika sawa. Chukua jeni ya kubuni yenye leusini 40: CTC 14, CTG 12, CTT 6, TTG 5, TTA 2, CTA 1. Kwa usawa kila moja ingepata 40 ÷ 6, yaani 6.67. Basi CTC ina 2.10, CTG 1.80, CTT 0.90, TTG 0.75, TTA 0.30 na CTA 0.15. Jumlisha zote: lazima upate 6. Usipopata, jedwali lako lina kasoro. Methionini na triptofani ziache nje, kila moja ina kodoni moja tu. Zinabaki kodoni 59 za kulinganisha.

Hatua ya 4: ENC dhidi ya GC3

ENC (idadi ya kodoni zinazotumika kwa kweli), kipimo cha Frank Wright cha mwaka 1990, huanzia 20 (kila asidi amino inatumia kodoni moja) hadi 61 (visawe vyote sawa). Mhimili wa chini weka GC3s (sehemu ya kodoni zenye visawe zinazoishia G au C), wa wima ENC, kisha chora mstari wa matarajio, s ikiwa GC3s:

ENC = 2 + s + 29 / (s² + (1 − s)²)

Jeni yenye GC3s 0.90 na ENC 37 inaonekana ina upendeleo mkali. Lakini fomula inatoa 38.3, maana yake wingi wa G na C peke yake unatosha kuieleza. Jeni nyingine ina GC3s 0.50 na ENC 45. Hapo fomula inadai 60.5. Hii ya pili, ambayo kwa macho ni ya kawaida, ndiyo ya kuchunguza.

Chora na histogramu ya GC3 (sehemu ya G na C kwenye herufi ya tatu ya kodoni zote). Ya muhogo itakupa kilima kimoja. Ya mtama, kama ya mpunga na mahindi, nyasi wenzake, ina vilima viwili, kwa hiyo usiripoti wastani wa jenomu nzima ya nyasi: unaangukia bondeni, mahali penye jeni chache.

Hatua ya 5: Kutenganisha visababishi

Anza na mutesheni. C iliyomethiliwa (iliyobandikwa kundi la methili) hugeuka T kirahisi, na kwenye mimea umethilishaji hupenda sana pale C inapofuatwa na G. Ndiyo maana kwenye mimea kama muhogo TCG, CCG, ACG na GCG ni haba. Hakuna ribosomu inayozikataa. Zinaliwa na kemia ya DNA.

Cha pili husahauliwa, na kwa nyasi ndicho kizito. Kromosomu mbili zinapobadilishana vipande wakati wa kutengeneza chavua na mayai, herufi zisizolingana hukutanishwa, na urekebishaji huelekea kuchagua G au C badala ya A au T. Matokeo yanafanana na uteuzi, ila mmea haufaidiki chochote. Dalili yake ni mteremko ndani ya jeni. Kata herufi 300 za mwanzo na 300 za mwisho za kila CDS yenye zaidi ya 900, upime GC3 ya kila upande. Kwa jeni nyingi za nyasi mwanzo una GC zaidi. Kama tafsiri ya haraka ingekuwa sababu pekee, hakuna haja ya upendeleo kufifia njiani namna hiyo.

Uteuzi ndio wa mwisho. Kwa data za RNA-seq (kipimo cha wingi wa RNA ya kila jeni), tenga asilimia 5 ya jeni zinazofanya kazi zaidi na asilimia 5 za chini, halafu angalia jozi zinazotofautiana kwa C na T tu: TTC/TTT, TAC/TAT, AAC/AAT, GAC/GAT, CAC/CAT. Linganisha jeni zenye GC inayokaribiana. Introni (vipande vya jeni vinavyokatwa na kutolewa kwenye RNA) zinasaidia kama kipimo cha mazingira, lakini kwa tahadhari: introni za mimea mingi huhitaji A na T nyingi ili zikatwe vizuri, kwa hiyo nazo si shahidi asiye na upande.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Mtama si hujichavusha wenyewe? Kromosomu zikifanana, hizo herufi zisizolingana zinatoka wapi?

Jibu: Hoja ni sahihi, kujichavusha hupunguza nguvu hiyo. Ila GC3 ni kumbukumbu ya mamilioni ya miaka ya ukoo wa nyasi, na kujichavusha kwa mtama ni jambo la karibuni ukilinganisha. Tena si kamili, chavua ya jirani huingia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimechora GC12 (wastani wa G na C kwenye nafasi ya 1 na ya 2) dhidi ya GC3, mteremko ni 0.15. Niandike mutesheni 15%, uteuzi 85%?

Jibu: Marahaba. Usiandike, hata kama umeiona kwenye makala nyingi. Nafasi ya 1 na ya 2 zimefungwa na asidi amino ambazo protini inahitaji, hivyo mteremko mdogo unaonyesha kifungo hicho. Hausemi lolote kuhusu uteuzi kati ya visawe. Kwa nyasi ni hatari zaidi, maana unapitisha mstari mmoja kwenye makundi mawili.

Swali: Nimejaribu kloroplasti ya muhogo. Jeni kama 80 zimebaki 50 na kitu, na moja inaanza na ACG. Faili bovu?

Jibu: Hapana. Kloroplasti ina jeni nyingi fupi. PetN haifiki hata kodoni 35. ACG ya mwanzo hurekebishwa kuwa AUG kwenye RNA, hutokea kwa ndhD katika mimea mingi, kwa hiyo legeza sharti la ATG. Jeni zilizo mara mbili kwenye vipande vilivyogeuzwa zihesabu mara moja. Ukimaliza itazame psbA peke yake: jenomu imejaa A na T, lakini yenyewe hupenda TTC na AAC. Inatengeneza protini D1 inayoharibiwa na mwanga na kuundwa upya kila mara. Hapo uteuzi unaonekana bila kutumia darubini.

Swali: Nataka kuweka jeni ya bakteria kwenye mahindi. Nibadilishe kila kodoni iwe ile yenye RSCU kubwa?

Jibu: Usifanye hivyo, utapata mfuatano uliojaa CG, ambao mmea unaweza kuumethilisha na kuuzima. Gawa visawe kwa uwiano wa jedwali la mahindi lenyewe, ukiacha vile visivyofika asilimia 10 ya kundi lake. Kisha tafuta AATAAA na ATTTA ndani ya CDS uzivunje kwa kisawe kingine: ya kwanza inaweza kukata RNA kabla ya wakati, ya pili huifanya isidumu. Jeni za Bt (bakteria Bacillus thuringiensis) zilizoandikwa upya kwa njia hiyo, kazi iliyochapishwa 1991, zilitoa protini hadi mara 100 zaidi kwenye mmea. Angalia pia maeneo ya introni bandia (yanayoweza kukatwa kimakosa), na ATG ya mwanzo usiiache bila herufi za mahindi zinazoizunguka: A au G nafasi ya tatu kabla yake, G mara baada yake kama asidi amino ya pili inaruhusu.