Jinsi ya kupata kanuni ya kupinda kwa mwanga kutokana na muda mfupi kabisa

Mwaka 1662 Pierre de Fermat alishikilia kwamba mwanga hufuata njia inayochukua muda mfupi kabisa. Weka nukta A hewani, kimo a juu ya maji, na nukta B ndani ya maji, kina b; umbali wa mlalo kati yake uwe d. Mwanga ukiingia majini umbali x kutoka chini ya A, kanuni ya Pythagoras inatupatia muda wote T, ambapo v₁ ni kasi ya mwanga hewani na v₂ ni kasi yake majini:

T = √(a² + x²)/v₁ + √(b² + (d − x)²)/v₂

Kazi yenyewe ni hapa: tafuta kasi ya badiliko la T kadiri x inavyobadilika, kisha uifanye iwe sawa na sifuri, kwa kuwa pale ambapo muda ni mfupi kabisa, kuisogeza x kidogo sana hakuubadilishi.

x/(v₁√(a² + x²)) = (d − x)/(v₂√(b² + (d − x)²))

Usijaribu kuitafuta x, maana utazama katika aljebra bure. Chora mchoro: x/√(a² + x²) ni sini ya pembe θ₁ iliyo kati ya mwali na mstari wa wima, na upande wa maji ni vivyo hivyo kwa pembe θ₂. Basi sin θ₁/v₁ = sin θ₂/v₂, na kwa kuwa n = c/v (n ni kipeo cha kupinda cha hewa au maji, na c ni kasi ya mwanga katika ombwe), n₁ sin θ₁ = n₂ sin θ₂. Kwa hewa n ni karibu 1 na kwa maji ni takriban 1.33, hivyo mwali unaoingia kwa 45° huendelea kwa karibu 32°.